TUONYESHENI KIUNGIO, RAMBIRAMBI TUMECHOKA NAZO!

Ndugu msomaji, kila treni inapoacha njia katika nchi hii unayajua maneno yatakayofuata hata kabla redio haijayatangaza. Zinaanza salamu za rambirambi. Kisha anatafutwa wa kubebeshwa mzigo: dereva, mvua, au mtu asiyejulikana aliyefanya hujuma. Kisha inaundwa tume. Baada ya tume, kimya kama cha makaburini. Wakubwa wanarudi kwenye magari yao yenye vioo vyeusi, na wewe kabwela unarudi stesheni kukata tiketi ya daraja la tatu, upande behewa ambalo ni ndugu wa tumbo moja na lile lililoua.

Leo hatuulizi kwa nini treni huacha njia. Swali hilo limeulizwa mpaka limechakaa, na majibu yake tunayajua kwa kichwa. Tunauliza swali la pili, ambalo wakubwa hawalipendi: treni ikishaacha njia, ni kitu gani hasa kinachoua watu?

Usidhani ni swali lilelile. Gurudumu kutoka relini ni jambo moja. Behewa kupinduka, kukunjana na kumpanda mwenzake mgongoni ni jambo jingine kabisa. Ushahidi upo. Tarehe 21 Desemba 1993 treni ya TGV ilikuwa inakata mbuga kaskazini mwa Ufaransa kwa kilomita 294 kwa saa. Chini ya tuta la reli kulikuwa na shimo lililosahaulika, lililoachwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mvua ikalilegeza, ardhi ikatitia, mabehewa ya nyuma yakatoka relini. Treni ikakokota vyuma juu ya kokoto mpaka ikasimama, wima, imenyooka kama rula. Hakuna aliyekufa. Tarehe 5 Juni 2000 treni ya Eurostar ikatoka relini huko huko kaskazini mwa Ufaransa, nayo ikiwa kwenye mwendo wa karibu 290. Watu 14 wakapata majeraha madogo. Hakuna jeneza lililochongwa.

Sasa niambie, msomaji. Kwa nini Mfaransa atoke relini kwa mwendo wa 290 ashuke akijipangusa vumbi, na Mtanzania atoke relini kwa mwendo mdogo zaidi ya huo apelekwe nyumbani ndani ya sanda?

Watakuambia ni utajiri. Uongo! Ni kiungio. Mabehewa ya TGV hayakuunganishwa kwa ndoano na mnyororo. Behewa na jirani yake wanakalia bogi moja, yaani kile kigari cha magurudumu kilicho chini ya behewa, kwa hiyo mwisho wa huyu na mwanzo wa yule ni kitu kimoja. Behewa moja haliwezi kupinduka peke yake bila kuwapindua wenzake wote, na wenzake wote ni wazito. Treni nzima inakuwa kama uti wa mgongo.

Ukitaka kulielewa jambo hili huhitaji kwenda chuo kikuu. Chukua visanduku sita vya kiberiti, vipange mezani kwa mstari. Zuia cha mbele kwa kidole, halafu sukuma cha nyuma. Vitanyooka? Thubutu! Kimoja kitatoka kushoto, cha pili kulia, kingine kitapanda juu ya mwenzake. Ndivyo inavyokuwa treni inapoanguka: cha mbele kimekwama kwenye mchanga, cha nyuma bado kina mwendo na uzito wa tani nyingi, na katikati yupo mama na mtoto wake waliolala. Sasa vifunge vile visanduku kwa gundi ya karatasi, kimoja na kingine, usukume tena. Vitajikunja, lakini kwa shida, na havitapandana. Hiyo gundi ndiyo kiungio, na ndiyo hadithi yote ya leo.

Twende India, maana Wahindi wamelipia somo hili kwa damu, na sisi tuna sababu ya kuwatazama Wahindi kuliko wengine, nitaieleza. Kwa miaka zaidi ya 60 mabehewa mengi ya abiria ya India yalikuwa ya muundo wa kiwanda cha ICF cha Chennai, kilichoanza kazi mwaka 1955. Viungio vyake vilikuwa vya zamani: ndoano katikati, pingu inayokazwa kwa skrubu, na pembeni bafa mbili za kusukumana. Ndoano inajua kuvuta tu. Kusukuma ni kazi ya bafa. Behewa likishadondoka nusu mita tu, bafa yake haitazamani tena na ya mwenzake, inapita juu au chini, pingu inakatika, na behewa la nyuma linaingia ndani ya la mbele kama droo inavyoingia kabatini. Ndani ya droo hiyo kuna watu.

Wahandisi wa India walilijua hilo. Miaka ya 1990 walikwenda Ujerumani wakanunua ujuzi wa mabehewa ya LHB, yenye kiungio kimoja imara cha katikati na umbo la kuzuia behewa lisipande juu ya jingine. Lakini yakawa machache, ya treni za wenye nacho. Mwaka 2012 kamati ya usalama wa reli chini ya mwanasayansi Anil Kakodkar ikaiambia serikali ya India waziwazi: acheni kutengeneza ya zamani, tengenezeni ya LHB tu. Serikali ikapokea ripoti, ikashukuru, na viwanda vikaendelea na mabehewa yaleyale. Tarehe 20 Novemba 2016, alfajiri, treni ya kutoka Indore kwenda Patna ikaacha njia karibu na Pukhrayan, jirani ya Kanpur. Mabehewa 14 yakatoka relini, mengine yakaingiana. Watu wapatao 150 wakafa. Yalikuwa ya ICF. Behewa la mwisho la abiria la muundo huo lilitoka kiwandani Chennai Januari 2018. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 2012.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, msomaji, kwa sababu hapo ndipo siasa ilipo. Waliokufa Pukhrayan hawakuuawa na dereva. Walikuwa na hukumu yao imeandikwa ofisini miaka minne kabla, na mtu aliyeamua kwamba mabehewa mazuri ni ya daraja la kwanza na wengine wangoje. Kiungio hakichaguliwi siku ya ajali. Kinachaguliwa siku ya zabuni, mezani, kwenye kiyoyozi, na yule anayekichagua hapandi treni.

Utasema, ya Wahindi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka 2007 Serikali ya chama tawala iliitoa reli yetu ya kati kwa kampuni ya RITES ya India. Wao asilimia 51, sisi asilimia 49, ndani ya kampuni iliyobatizwa TRL. Tukaletewa vichwa na mabehewa ya kukodi kutoka huko huko India, tukalipishwa kodi ya vyuma vilivyokwisha kutumika, wafanyakazi wakagoma kwa kukosa mishahara, na mwaka 2011 Serikali ikairudisha reli mikononi mwake. Nani kati yetu aliwahi kuonyeshwa karatasi inayosema mabehewa yale ya kukodi yalikuwa na viungio vya aina gani na vilipimwa lini? Tuliambiwa bei ya kukodi. Ya roho zetu hatukuambiwa.

Halafu ikaja mwaka 2015 na mabehewa 274 ya mizigo, mapya, nayo ya India. Mapya! Yakakutwa na kasoro, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu Samuel Sitta, akawasimamisha kazi vigogo wa TRL. Wananchi wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kumsimamisha mtu kazi si sawa na kutuambia chuma gani kilikuwa kibovu na nani alikikagua kiwandani kabla hakijapakiwa melini. Kama behewa jipya la kubeba saruji linaweza kupita mikononi mwa wakaguzi wote wale likafika Dar es Salaam na kasoro, la kubeba watu linapita mikononi mwa nani?

Nisije nikaambiwa naponda kila kitu. Kiungio cha reli yetu ya kati si kile cha ndoano na skrubu. Nenda siku moja mwisho wa behewa, utazame: vyuma viwili kama mikono iliyokunja vidole na kushikana. Ni ujuzi mzuri. Ulianzia Marekani, Eli Janney aliusajili mwaka 1873, na sababu yake haikuwa abiria bali wafanyakazi, kwa sababu vijana wa reli walikuwa wanapoteza vidole na maisha wakisimama katikati ya mabehewa kuyaunganisha kwa mikono. Mwaka 1893 Bunge la Marekani likapitisha sheria kuzilazimisha kampuni ziache mauaji hayo. Kampuni zililia kwamba ni gharama. Zimelia hivyo tangu dunia iumbwe.

Lakini chuma hicho nacho kina aina zake, na hapa ndipo danganya toto hupita. Ile aina ya kawaida, ya mizigo, vidole vinashikana mbele na nyuma tu. Juu na chini hakuna kinachovizuia zaidi ya msuguano. Behewa moja likiruka, au la jirani likizama kwenye tuta lililooshwa na mvua, kidole kinateleza ndani ya kidole kama funguo inavyochomolewa kwenye kitasa, na treni inakuwa vipande. Kwa ajili ya abiria Wamarekani walitengeneza aina nyingine, inayofungana pia juu kwa chini, isiyo na nafasi ya kucheza, ili behewa likitoka relini lishikiliwe na wenzake lisilale ubavu. Ukiwa mbali huwezi kuzitofautisha. Mhandisi anazitofautisha. Na yule anayetia sahihi ya zabuni anaweza kuzitofautisha kwa bei.

Na hata kilicho bora huchakaa. Vidole husuguana kila treni inapovuta na kufunga breki, nafasi inaongezeka, na ile nafasi ndiyo inayokurusha kifuani mwa jirani yako treni inapoondoka stesheni. Fundi wa karakana ana kipimo cha chuma cha kuvijaribu: kidole kikizidi kipimo, kinatolewa. Kazi ya dakika chache. Inahitaji fundi aliyelipwa, kipimo, na kidole kipya stoo. Kimoja katika hivyo vitatu kikikosekana, treni inaondoka hivyohivyo.

Tazama pia pembeni ya kiungio. Utaona mpira mweusi unaoning'inia, unaunganisha behewa na behewa. Huo ndio mshipa wa breki, mpango aliouleta George Westinghouse mwaka 1872: hewa ikiwemo ndani ya bomba, breki zimeachia, hewa ikitoka, breki zinakamata. Kiungio kikikatika, mpira unachanika, na vipande vyote viwili vya treni vinajisimamisha vyenyewe. Akili hiyo imeokoa watu wasiohesabika. Lakini hewa huvuja. Mabehewa yaliyoachwa mlimani bila kichwa, muda ukipita, breki zake hulegea moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kuna breki ya mkono na kabari.

Tarehe 25 Mei 2002 huko Tenga, karibu na Maputo, majirani zetu wa Msumbiji walikuwa na treni moja iliyochanganya mizigo na abiria. Ikapata hitilafu. Mabehewa ya abiria yakafunguliwa kutoka kwenye ya mizigo, yakazuiwa kwa mawe. Mawe, msomaji! Mawe yakashindwa, mabehewa yakaporomoka na watu wake, yakaenda kuyavaa yale ya mizigo. Karibu watu 200 wakafa. Mwezi haukuisha. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002 treni yetu ikielekea Dodoma, ndani ina watu zaidi ya 1,000, ilishindwa mlima baada ya Msagali. Ikarudi kinyumenyume, ikiongeza kasi, abiria wanaangalia miti ikipita upande usiofaa, mpaka ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa nyuma. Watu 281. Mwenye ndugu Igandu hahitaji nimweleze zaidi.

Je, kiungio bora kingewaokoa wote wale 281? Hapana, na sitakudanganya. Mgongano wa namna ile unaua hata kwenye behewa la Mjerumani: Juni 2023 huko Balasore, India, treni yenye mabehewa ya LHB iliingizwa kwenye njia ya treni ya mizigo iliyosimama, ikafa halaiki ya watu zaidi ya 290. Hata TGV ina kaburi lake, Eckwersheim, Novemba 2015, treni ya majaribio iliyoingia kona kwa mwendo wa kupindukia, watu 11. Lakini kati ya mabehewa yote yaliyokuwa Igandu, si yote yaliyogonga. Mengine yaliuawa na wenzao, kwa kupandwa na kukunjwa. Wangapi walikufa kwa mgongano wenyewe, na wangapi kwa behewa la jirani? Hiyo ndiyo hesabu ambayo tume yoyote yenye akili hufanya kwanza, kwa sababu kundi la pili ndilo unaloweza kuliokoa kesho. Ulishaiona hesabu hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa stesheni yoyote?

Wapo mainjinia, nao ni watu wa heshima, watakaonipinga kwamba kiungio kisichokatika kina ubaya wake: cha mbele kikitumbukia, kinavuta wa nyuma. Watataja Ngai Ndethya, Kenya, Januari 1993, mafuriko yalipoondoka na daraja na treni ya Mombasa ikaingia mtoni usiku, wakafa zaidi ya mia. Hoja yao ni ya kweli. Kwenye daraja lililokwisha kwenda na maji, behewa linalojifungua linaweza kubaki ukingoni na watu wake wazima. Kwenye tuta la kawaida, behewa lililoshikiliwa ndilo linalobaki wima. Basi tujue reli yetu inaua zaidi kwa njia ipi, tuchague kiungio kwa hesabu hiyo. Mjadala huo ufanyike Bungeni na magazetini, majina ya wachaguaji yakiwa mezani. Usifanyike hotelini baina ya wakala wa kampuni na bwana asilimia kumi.

Tarehe 22 Juni 2022 treni ya kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam iliacha njia Malolo, Tabora. Wanne wakafa, zaidi ya 130 wakajeruhiwa. Kabla vumbi halijatua neno hujuma lilikwisha tajwa. Haya, iwe hujuma! Mwizi akafungua reli, akamatwe, afungwe. Lakini mwizi hakuchagua kiungio. Treni iliyoundwa vizuri inategemewa imlinde abiria hata dhidi ya mwizi, kama mlango wa benki unavyotegemewa. Kila mara wanapolikimbilia neno hujuma, swali la pili linazikwa pamoja na marehemu.

Na sasa tuna treni ya umeme. Tangu 2024 inakwenda Dodoma kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na picha zake zimebandikwa kila ukuta pamoja na sura ya mkubwa. Sisi wa upinzani hatuichukii treni hiyo, tunaipanda. Lakini chuma hakisomi mabango. Treni inayokwenda 160 inabeba nguvu mara kumi ya treni ya uzito uleule inayokwenda 50, kwa sababu nguvu hukua kwa mraba wa mwendo. Makosa ambayo kwenye reli ya zamani yanavunja miguu, huku yanavunja shingo. Ndiyo sababu tunauliza sasa, kukiwa salama, tusingoje wakati wa kuhesabu masanduku.

Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, pamoja na Shirika la Reli na wale wa LATRA wanaolipwa kusimamia usalama wetu, maswali yetu haya hayahitaji tume. Kila behewa la abiria linalotembea leo, la reli ya zamani na la reli mpya, lina kiungio cha aina gani, kinafungana juu kwa chini au hakifungani? Kilipimwa mara ya mwisho tarehe gani, na fundi gani alitia sahihi? Kwenye zabuni za mabehewa, kipengele cha kiungio na cha kuzuia kupandana kilisemaje, na aliyeshinda alikitimiza au alisamehewa? Breki za mkono ngapi zinakamata kweli? Na ripoti za Igandu na Malolo, zenye kuonyesha behewa kwa behewa nani alifia wapi, zibandikwe stesheni ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza, kwa Kiswahili, karibu na dirisha la tiketi.

Wabunge wetu watayauliza maswali haya kikao kijacho. Wewe msomaji unayesafiri wiki hii, ukifika stesheni mapema, tembea mpaka mwisho wa behewa lako utazame zile ngumi mbili zilivyoshikana, na ule mpira pembeni yake. Ukiona kidole kimeliwa, kimefungwa kwa waya, au mpira umezibwa kwa kitambaa, muulize gadi kwa heshima, yeye si adui yako, halafu utuandikie: namba ya behewa, tarehe, stesheni. Jina lako hatutalitoa. Tutachapa namba za mabehewa wiki kwa wiki ukurasa huuhuu, na majibu ya Wizara yakija tutayaweka pembeni yake, kama yalivyo, bila kukata neno.